Mama Tani, Mizani na Figo Moja

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa alasiri, msimamizi wetu wa zamu atavua fulana yake ya rangi ya chungwa, ataitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mizani, na atakuwa amemaliza miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Madereva wanamwita Mama Tani, na sisi pia, kwa hiyo humu nitamwita hivyo hivyo. Nikiandika jina la kwenye kitambulisho, nusu ya wasomaji watauliza ni nani huyo.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno machache. Machache, kwa Mama Tani! Kamati ina utani kweli. Nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na minane, viti vyetu vikigusana migongo, yeye akitazama malori yanayopanda na mimi yanayoteremka. Ninayo mengi. Nitajitahidi nisiwachoshe kabla ya chakula.

Alianza kazi hapa kituoni kama mnyanyua kizuizi wa muda, akiwa, kwa maneno yake mwenyewe, msichana mwembamba kama ufito. Picha ya kuthibitisha hilo hakuna, na kila tukimdai anasema ziliungua. Kutoka kwenye kizuizi alihamia dirishani, kutoka dirishani akapanda kwenye mizani yenyewe, na miaka kumi na mitano iliyopita akakabidhiwa zamu nzima. Kwa wageni waalikwa ambao hawajawahi kuja kwetu: kila lori linalopita barabara kuu lazima lipande jukwaa letu lipimwe. Likizidi, linapelekwa uwanja wa kupunguzia mzigo, na hapo ndipo utasikia lugha za kila aina.

Mama Tani hakuwahi kubishana na lugha hizo. Alikuwa na kipaza sauti chake na sauti ambayo haikukihitaji sana. "Wewe wa lori la bluu, hilo tairi la nyuma liko nje ya jukwaa. Lirudishe ndani, mwanangu, mimi naona." Dereva anashuka, anajitia kushangaa, anatazama tairi kana kwamba limehama lenyewe. Wapo waliojaribu kupita mbio ili mshale usitulie. Wapo walioegemeza ekseli kwenye jiwe. Kuna tajiri mmoja aliyepiga simu kwa mkubwa fulani, na mkubwa akatupigia sisi, na Mama Tani akamjibu kwa adabu zote kwamba yeye hana kinyongo na mtu, mwenye kinyongo ni mizani. Lori lililala kituoni mpaka mzigo ukapunguzwa.

Lakini hila aliyoichukia kuliko zote ilikuwa ya maji. Malori ya safari ndefu hubeba tangi la maji na dizeli ya akiba. Dereva akijua amezidi kidogo, anasimama nyuma ya kona, anamwaga maji yote, anafyonza dizeli kwenye madumu na kuyaficha vichakani. Anafika kwetu mwepesi, anapita, kisha anarudi kufuata madumu yake. Mama Tani alimjua mtu huyo kwa kutazama tu matairi yaliyolowa wakati mvua haijanyesha. "Mzigo wako uko pale pale, baba," alikuwa akimwambia. "Umemwaga maji tu. Umenidanganya mimi dakika mbili, ukaiadhibu injini safari nzima." Na ni kweli, zaidi ya mara moja tulisikia lori la namna hiyo limekwama kwenye mwinuko wa mbele, injini imechemka, dereva amekaa kivulini akijipepea kwa kofia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ilidhani ningeliruka. Mama Tani mwenyewe ameniruhusu. Kasema niandike yote, na nikipunguza chumvi atanipima.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wake wa kiume, fundi viatu, aliambiwa figo zake zote mbili zimekwisha. Huyu ndiye ambaye Mama Tani alimbeba mgongoni utotoni, na mpaka leo akimtaja anasema "mtoto wangu," ingawa mtoto huyo ana kipara na binti anayesoma chuo. Akawa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kisha mishipa ya kuunganishia mashine ikaanza kuziba, mmoja baada ya mwingine, na daktari akasema wazi kwamba mlango unafungwa. Alihitaji figo ya ndugu, na haraka. Ndugu wa damu aliyelingana naye alikuwa mmoja tu, dada yake.

Mama Tani alipeleka mkono wa kutolewa damu siku hiyo hiyo. Vipimo vyote vikakubali, isipokuwa kimoja. Alikuwa mzito mno. Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba mtu mwenye uzito ule akibakiwa na figo moja atakuwa hatarini yeye mwenyewe, na hospitali haiokoi mmoja kwa kumuumiza mwingine. Apungue kilo kumi na nane, ndipo wazungumze.

Alirudi kazini akacheka mpaka machozi. Miaka yote hii anawarudisha watu kwenye uwanja wa kupunguzia mzigo, na sasa karudishwa yeye! Kisha machozi yakawa machozi tu, tukamwacha.

Kesho yake alikuja amejifunga kibwebwe. Mtaalamu wa lishe wa hospitali alimpa mlo wa kalori chache sana, chini ya uangalizi wao: mia nane kwa siku, yaani kama nusu ya kile ambacho mwili wake ulikuwa ukitumia hata akiwa amekaa. Vikombe vinne vya unga maalumu wa kukorogwa na maji, bakuli la supu ya mboga, basi. Mwanamke aliyekuwa akinywa chai ya maziwa kwa vijiko vinne vya sukari! Tuliona aibu kunywa chai ya saa nne mbele yake, tukaihamishia stoo, tukawa tunatafuna mkate gizani kama wezi. Alitufuata huko huko. "Rudini chumbani, msinifanye maiti. Mimi nimeacha chai, sikuacha watu."

Masharti mengine ya mtaalamu yalikuwa manne, na nayataja kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Amalize vikombe vyote hata asiposikia njaa. Anywe maji mengi. Atembee kila siku, lakini polepole, mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza, na afanye mazoezi mepesi ya mikono na miguu ili misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Na asikimbie. Mwili unaopewa kidogo namna hiyo, alisema mtaalamu, hauna cha kukimbilia. Ukiulazimisha utaanza kujitafuna wenyewe.

Wiki za mwanzo kilo zilishuka vizuri. Halafu zikagoma. Siku zikapita, namba ile ile. Huku nyuma wifi yake, mke wa fundi viatu, akapiga simu kwamba mshipa mwingine umeziba.

Mama Tani akafanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa ya mtu wa mizani. Chakula kinaingiza, mazoezi yanatoa. Basi apunguze kinachoingia na aongeze kinachotoka, kuna ugumu gani? Vikombe vinne vikawa viwili. Na kwa mazoezi alikuwepo fundi wetu wa mitambo, aliyechezea timu za mpira zamani, ambaye sote tunamwita Kocha. Kocha alifurahi kama aliyerudishiwa ujana. Akampangia mbio za kuzunguka uwanja wa mizigo asubuhi, ngazi za mnara wa taa mchana, kamba ya kuruka jioni. Kituo kizima kilishangilia. Wapagazi walipiga makofi, madereva walimtolea vichwa madirishani wakimwambia kaza buti mama. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hospitali ilisemaje. Tulikuwa na mwanamke jasiri mbele yetu, na ushujaa unapendeza kuutazama.

Aliumwa kichwa, hakusema. Nywele zilimtoka, akavaa kitambaa. Siku moja alikaa kwenye ngazi za mnara akasema anapumzika kidogo, na dereva mmoja aliyewahi kutozwa naye faini mara mbili ndiye aliyemkuta macho yamegeuka, akambeba mpaka chumbani huku akilalamika kwamba kazidisha uzito. Alipozinduka alitukataza kumwambia mtu.

Siku ya kwenda kupimwa ilipokaribia, bado kilo mbili zilimbana. Hapo ndipo alipofanya aliyoyafanya. Aliacha kunywa maji. Akavaa koti zito la mvua, jua la mchana, akazunguka uwanja mpaka koti likalowa kwa ndani. Kilo mbili zikatoka. Akapanda mizani ya hospitali, mshale ukakaa chini ya mstari, na alivyorudi tulimbeba juu juu kama timu iliyochukua kombe.

Majibu ya damu yalifuata baadaye. Figo zake, zile zile alizokuwa akienda kutoa, zilikuwa zimetaabika. Uchafu ulikuwa umerundikana kwenye damu kwa kukosa maji, na misuli iliyolazimishwa kwa njaa ilikuwa imeumia. Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kwa majibu haya hawezi kuichukua figo ile, na kama haitatulia kwa wiki chache zijazo, hataichukua kabisa. Fundi viatu alipoambiwa alimpigia dada yake simu kutoka kitandani. "Dada, sitaki figo ya mtu aliyekufa njaa. Kula."

Aliingia chumba cha mizani akakaa kwenye kiti chake na koti lake. Malori yalikuwa matatu kwenye foleni. Aliyapima yote, akaruhusu kizuizi kinyanyuke, kisha akazima kipaza sauti akatugeukia mimi na Kocha. "Nimemwaga maji nyuma ya kona," alisema. "Miaka yote hii nawakamata wenzangu, na mimi nimemwaga maji nyuma ya kona."

Kocha alitoka nje, na nilimwona akikata ile kamba ya kuruka kwa kisu.

Nimeona watu wengi wakijikaza. Kujikaza kwa kukimbia nakujua, kunaonekana, kuna jasho na makofi. Kile alichokianza Mama Tani siku ile hakikuwa na makofi. Alijikaza kupumzika. Alirudi kwa mtaalamu wa lishe akasema ukweli wote, akapangiwa upya, na safari hii alishika masharti kama alivyotaka madereva washike yake. Vikombe vyote vinne, mpaka povu la mwisho, hata siku ambazo koo lilikataa. Chupa ya maji mezani, na ikiisha anaiinua juu bila kugeuka, na mimi najua kazi yangu. Kati ya lori na lori alinyanyua chupa mbili ndogo zilizojaa mchanga, polepole, kisha akasimama na kukaa kwenye kiti chake bila kushika meza. Alasiri akatembea uwanjani, mzunguko wa taratibu, akiongea njia nzima, kwa sababu ukishindwa kuongea umezidisha. Na kuongea hakukumpa shida. Tulijua habari za ukoo wake wote mpaka kizazi cha nne.

Kocha alipewa cheo kipya: breki. Kazi yake ilikuwa kutembea hatua moja mbele yake na kukataa kuongeza mwendo. Mtu aliyezoea kupiga filimbi na kupigia watu kelele, leo anatembea na mama wa watu akimwambia, "Taratibu mama, taratibu, hatukimbizwi."

Lakini walikuwa wanakimbizwa, na sote tulijua. Maji yaliporudi mwilini uzito ukapanda. Mtaalamu alikuwa amemtahadharisha kwamba utapanda, na kwamba yale ni maji aliyojinyima, si mafuta. Kuambiwa ni jambo moja, kuona mshale ukirudi juu ya mstari ni jingine. Na wiki hiyo hiyo mshipa wa mwisho wa mkono wa fundi viatu ukaziba, wakamwekea mrija shingoni, akapata homa, akalazwa. Binti yake alikuja kituoni kumwambia shangazi yake ana kwa ana. Hakulia. Alimwambia tu, "Shangazi, baba anauliza kama unakula."

Jioni ile Mama Tani alivaa viatu vyake vya mbio. Mimi nilikuwa dirishani. Alitembea mpaka kwenye mstari wa kuanzia, pale mwanzo wa uwanja, akasimama na ngumi zimekunjwa. Mdogo wake alikuwa na mrija shingoni, na mbele yake kulikuwa na uwanja mtupu wa kukimbia. Sijui kama nyie mngeweza. Mimi nisingeweza, ningekimbia mpaka nianguke, ili nionekane nimefanya kitu. Alisimama pale kitambo. Kisha akageuka, akarudi chumbani, akavua viatu, akamimina supu yake kwenye bakuli, akainywa yote huku machozi yakimdondokea humo humo. Alipomaliza alisema imepungua chumvi. Hilo lilikuwa uongo, lakini tulimwachia.

Jamani, huyo ndiye mtu tunayemuaga.

Kilo zilianza kushuka tena, safari hii kwa adabu, na nguvu hazikushuka nazo. Alipanda ngazi za mnara bila kupumzika katikati, si kwa mazoezi bali kwa sababu taa ilikuwa imeungua na Kocha alikuwa likizo. Alipopimwa tena, alikwenda hospitali akiwa na chupa yake mkononi, akanywa maji mbele ya muuguzi kabla ya kupanda mizani. Muuguzi alimuuliza kwa nini hangoji ateremke. Akamwambia yeye hupimwa na tangi limejaa. Alikuwa chini ya mstari kwa kilo moja. Damu ilikuwa safi. Homa ya fundi viatu ilikuwa imeshatulia, na wakampangia Mama Tani arudishe chakula cha kawaida kidogo kidogo kwanza, aingie chumba cha upasuaji akiwa ameshiba na ana nguvu zake.

Siku ya upasuaji hapakuwa na kazi iliyofanyika vizuri kituoni, naomba uongozi usisome sehemu hii. Nilipima lori moja mara mbili na jingine nusura nilisahau. Habari zilikuwa zimeshasambaa kwa madereva, na waliokwisha kupimwa hawakuondoka. Walipanga malori pembeni mwa barabara wakakaa kwenye ngazi zao wakingoja. Mchana ulipita. Simu ya mezani ikalia saa kumi na robo.

Alikuwa wifi yake. Wasomaji wenye haya mtanisamehe, lakini figo ikihamishiwa mwili mpya, wanachokingoja madaktari wote waliosimama pale na vyeti vyao ni kitu kimoja, haja ndogo. Ikitoka, figo imekubali. Fundi viatu alikuwa na zaidi ya mwaka bila kuipata. Wifi hakusalimia, hakusema yeye ni nani. Alipiga kelele tu kwenye simu, "Kakojoa! Mwambieni kila mtu, kakojoa!" Na nyuma yake nilisikia sauti ya binti ikicheka na kulia kwa pamoja, ikisema shangazi naye ameamka, na neno la kwanza alilouliza lilikuwa hilo hilo.

Nilishika kipaza sauti. Sikujua niseme nini kwa lugha ya kiofisi, kwa hiyo nilisema kama nilivyoambiwa. Kisha lori la kwanza likapiga honi, likafuata la pili, likafuata foleni nzima mpaka kule kwenye kona, na wapagazi wakarusha kofia juu, na Kocha akakimbia kuuzunguka uwanja mzima peke yake kama mwendawazimu. Kupiga honi kituoni ni kosa lenye faini. Sikumtoza mtu, na Mama Tani, aliyeandika sheria hiyo, alikuwa kitandani ameshika nyuzi zake tumboni asicheke.

Alirudi kazini alipopona, akafanya kazi muda wake uliobaki bila kukosa zamu, na ameendelea kutembea alasiri mwendo ule ule wa kuongea. Amewafundisha kazi wote waliopo dirishani leo. Ukimuuliza kuhusu figo atakugeuzia mazungumzo kwenye hali ya ekseli zako.

Mama Tani, kwa niaba ya kituo, wapagazi, na madereva uliowatoza mpaka wakakupenda, tunakushukuru. Tumesimamia mizani pamoja nawe na hatujawahi kuona aibu. Tunakutakia maisha mema na marefu, na afya isiyopungua. Na mdogo wako hatukumwombea dua yake peke yake, japo tunamwona amekaa pale safu ya pili na kipara chake kinang'aa, kwa sababu kwenu nyinyi wawili dua moja inatosha.